Maswali ya wasomaji: Mzee Franz Joseph, miaka 68 kitini, alafu himaya ikadumu miwili tu

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache huyu Franz Joseph, kaisari wa Austria aliyekalia kiti kuanzia Desemba 1848 mpaka Novemba 1916, nikasema himaya yake ilisambaratika miaka miwili tu baada ya yeye kuzikwa. Basi barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea, na karibu zote zinazunguka jambo lilelile, mtu anatawalaje muda wote huo alafu nyumba inaanguka mara tu akiondoka. Nimechagua chache, zinazofanana nimeziunganisha, na kuna moja nimeijibu kwa urefu kuliko zingine maana ndo yenye nyama.

*Shikamoo mwalimu. Mimi nilichoshindwa kuelewa ni hiki, huyu alipewa himaya akiwa na miaka 18 na baba yake mzazi alikuwa hai. Baba yupo, mtoto anapitaje mbele? — Mwanafunzi wa historia*

Marahaba mwanangu, swali zuri. Kwanza elewa kwamba baba hakuwa ndo kaisari, kaisari alikuwa baba mkubwa, Ferdinand, mtu mpole lakini mgonjwa wa kifafa ambaye kazi za kila siku alifanyiwa na wakubwa wa serikali. Sasa mwaka 1848 ukaja na mapinduzi kila kona, Vienna imewaka, Budapest imewaka, Prague, Milan, Venice, yule waziri Metternich aliyekuwa ameshika mambo miaka na miaka akakimbia mwezi Machi, na Oktoba mwaka huohuo umati wa Vienna ukamuua waziri wa vita Latour na kumtundika kwenye nguzo ya taa. Familia ya kifalme ikahama mji ikajificha Olmütz, kule Moravia, leo panaitwa Olomouc na ni Jamhuri ya Cheki.

Huko Olmütz ndo mpango ukapikwa. Ferdinand alikuwa ameshawaahidi Wahungaria mambo makubwa, bunge lao, mawaziri wao, na kaisari akishaapa ameapa. Ila kaisari mpya hajaapa chochote! Ndo maana wakubwa, hasa waziri mkuu Schwarzenberg, walitaka sura mpya kabisa, na mama wa kijana, Sophie wa Bavaria, akamshawishi mumewe Franz Karl aachie haki yake ili mtoto apite. Tarehe 2 Desemba 1848 asubuhi, ndani ya jumba la askofu mkuu, Ferdinand akasoma karatasi ya kujiuzulu, kijana akapiga goti mbele yake, basi, dogo ni kaisari. Na jina nalo lilichaguliwa kwa makusudi, nyumbani aliitwa Franz tu, wakaongeza Joseph ili watu wamkumbuke Joseph II, yule kaisari wa karne ya nyuma aliyependa mageuzi.

Mageuzi yenyewe sasa. Wahungaria hawakumtambua, vita ikapiganwa, akashindwa kuwamaliza peke yake mpaka akamwomba Tsar Nicholas I wa Urusi alete jeshi, na Agosti 1849 Wahungaria wakasalimu amri. Tarehe 6 Oktoba 1849 majenerali 13 wakauawa mjini Arad, na siku hiyohiyo aliyekuwa waziri mkuu wao Batthyány akapigwa risasi Pest, leo ni sehemu ya Budapest. Kijana alikuwa na miaka 19. Mpaka leo tarehe 6 Oktoba ni siku ya maombolezo Hungaria, na mimi kila nikisoma habari za ubabu wake mpole mwenye sharubu nyeupe huwa najilazimisha nirudi kwanza Arad, maana ni mtu yuleyule.

*Ni yeye ndo aliyetawala muda mrefu kuliko wote Ulaya? Tunabishana hapa kazini. — Wabishi wawili*

Hapana. Louis XIV wa Ufaransa alifikisha miaka 72, ingawa alianza akiwa mtoto wa miaka minne, na Elizabeth II wa Uingereza alipita miaka 70. Franz Joseph ni miaka 68 kasoro siku 11. Ila kuna kitu kinamtofautisha, alianza akiwa mtu mzima na alifanya kazi yenyewe kwa mkono wake mwanzo hadi mwisho, hakuwa kivuli.

*Mwalimu, kaisari anaamka saa ngapi? Maana picha zote namuona kavaa magwanda tu, mpaka uzeeni. Alikuwa anaishije kila siku? — Msomaji wa miaka mingi*

Nimelipenda swali hili, watu hudhani maisha ya kaisari ni starehe tupu. Huyu bwana alikuwa anaamka saa kumi alfajiri, mara nyingine kabla ya hapo, anamwagiwa maji ya baridi, anapiga magoti anasali, alafu anavaa magwanda ya afisa na kukaa mezani kwenye mafaili. Kitanda chake cha chuma, chembamba, kama cha kambini, ukienda Vienna kwenye majumba yake ya Hofburg na Schönbrunn unaonyeshwa. Chakula cha mchana mara nyingi kinaletwa palepale mezani katikati ya karatasi. Hakutaka simu, lifti wala gari, na mabafu ya kisasa aliyaona anasa.

Mara mbili kwa wiki anapokea watu. Hii ilikuwa kweli jambo la maana, mtu wa kawaida angeweza kuomba miadi na kaisari, aje ashukuru, aombe msamaha wa ndugu yake aliyefungwa, alete shida yake. Kaisari anasimama karibu na meza ndefu ya kusomea, haketi, ana orodha ya majina mbele yake, unaingia unasema, dakika chache, akiinamisha kichwa kidogo ujue umemaliza na unatoka kinyumenyume bila kumpa mgongo. Mamilioni ya watu wale wa lugha zote waliishi wakijua kwamba huko Vienna kuna mzee anaamka mapema kuliko mkulima, na hiyo imani ilikuwa na nguvu kuliko sheria nyingi.

Kuna stori moja inasimuliwa kuhusu ulimi wake. Jengo la Opera la Vienna lilipokuwa linajengwa watu walilikejeli sana, mmoja wa wasanifu wake, van der Nüll, akajinyonga mwaka 1868 kabla halijafunguliwa, na inasimuliwa kwamba kaisari naye alikuwa ametia neno la lawama, na msiba ule ulimshtua kiasi kwamba tangu hapo akiombwa maoni hadharani anajibu sentensi moja tu, ilikuwa nzuri sana, nimefurahi sana. Sentensi hiyo kweli alikuwa nayo, akifungua shule ni hiyo, akitembelea maonyesho ni hiyo. Mimi naona kuna utu ndani yake, anaogopa kumuumiza mtu. Lakini kwa mtawala ni hatari pia, unakuwa mtu ambaye hakuna ajuaye anawaza nini, na wewe mwenyewe unaacha kuuliza.

*Mwalimu wangu, mimi ni mama wa watoto watatu na nilisoma ile sehemu ya familia yake nikalia. Ni kweli misiba yote hiyo ilimpata mtu mmoja? — Mama*

Ni kweli mama, pole, na mimi kuna sehemu zinanikaba. Mtoto wake wa kwanza, Sophie, alikufa 1857 akiwa na miaka miwili, wazazi walikuwa safarini naye Hungaria. Mdogo wake kaisari, Maximilian, alidanganyika na Wafaransa akaenda kuwa kaisari wa Mexico, Wamexico wakampiga risasi Querétaro tarehe 19 Juni 1867. Angalia tarehe hiyo vizuri, siku 11 tu nyuma yake, tarehe 8 Juni, Franz Joseph alikuwa Buda, nayo leo ni sehemu ya Budapest, anavikwa taji la Hungaria kwa shangwe.

Alafu Rudolf, mtoto wa kiume pekee. Usiku wa kuamkia 30 Januari 1889 huko Mayerling, nyumba ya kuwindia msituni nje ya Vienna, akamuua kwa bastola binti wa miaka 17, Mary Vetsera, akajiua na yeye. Alikuwa na miaka 30. Baba na mtoto walikuwa wametofautiana sana kimawazo, Rudolf alipenda siasa za uhuru, aliandika makala magazetini bila jina, na baba hakumshirikisha kwenye kazi yoyote ya maana ya serikali. Hilo ndo linaloniuma zaidi, mzee aliyesikiliza shida za wageni mara mbili kwa wiki na mwanae hakupata nafasi ya kuongea naye mambo ya kweli.

Mke wake Elisabeth, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Sisi, alimuoa 1854 kwa mapenzi ya kweli, mama mtu alikuwa amempangia kijana Helene, dada yake Elisabeth, kijana akamwona mdogo mtu pale Ischl, mji wa mapumziko wa Austria, na hakurudi nyuma. Lakini maisha ya ikulu yalimshinda bibi huyu, akawa anasafiri tu mwaka hadi mwaka, na baada ya Rudolf kufa akavaa nyeusi. Tarehe 10 Septemba 1898 anatembea Geneva kwenda kupanda meli, Mwitalia mmoja anaitwa Lucheni akamchoma kifuani kwa tupa iliyonolewa, tupa hii hii ya fundi. Jeraha lilikuwa dogo mno kiasi kwamba aliinuka akatembea mpaka ndani ya meli ndipo akaanguka. Kaisari alipopata telegramu alisema maneno ambayo kila Mwaustria anayajua, kwamba hapa duniani hakuna alichoepushiwa.

Kesho yake, mezani kama kawaida. Watu wanamsifu kwa hilo. Mimi nashindwa kumsifu moja kwa moja, naona mtu aliyejifunza kuhuzunika kwa kufanya kazi, na mwishowe akabaki na kazi tu.

*Kwa hiyo nani aliiua Austria-Hungaria, ni makabila mengi au ni vita? Vitabu vya shule vinasema ilikuwa lazima ife tu. — Mwalimu mwenzako, sekondari*

Mwalimu mwenzangu, hapa ndo penyewe na nitachukua nafasi. Hiyo "lazima ife tu" mimi siikubali, na nitakuambia kwanini, alafu nitakuambia wapi mzee mwenyewe alikosea.

Mwaka 1910 himaya ilikuwa na watu kama milioni 51. Wajerumani, Wahungaria, Wacheki, Waslovakia, Wapoland, Waukraine, Waromania, Wakroatia, Waserbia, Waslovenia, Waitalia, na hakuna kundi hata moja lililofika nusu, Wajerumani wenyewe walikuwa chini ya robo. Waslavi wote ukiwajumlisha walikaribia nusu lakini nao hawakuwa kitu kimoja. Ukiitazama hivyo unashangaa ilisimamaje. Lakini ilisimama, na sio kwa bunduki peke yake, kulikuwa na reli, mahakama, shule, soko moja kubwa, na pale Vienna kaisari mwenyewe ndo aliamuru 1857 kuta za zamani zibomolewe ukajengwa mtaa mpana wa Ring unaozunguka katikati ya mji mpaka leo. Sheria za 1867 kwa upande wa Austria ziliwapa Wayahudi haki sawa na raia wengine. Mwaka 1907 upande huohuo wanaume wote walipata kura, na kaisari mwenyewe alilisukuma jambo lile.

Jeshi ndo mfano ninaoupenda. Amri za msingi zilikuwa maneno kama 80 tu ya Kijerumani, geuka, simama, piga, kila askari anayakariri. Lakini kila kikosi kilikuwa na lugha yake, na kama askari wako wengi ni Wacheki na Waukraine basi wewe afisa ulitakiwa ujifunze zote mbili ndani ya muda maalum, ndo uongee nao. Afisa mzuri alikuwa na lugha tatu nne kichwani. Fikiria uvumilivu unaotakiwa hapo, kila siku, miaka hamsini!

Sasa makosa. Tabia ya Franz Joseph ilikuwa hii, habadilishi kitu mpaka apigwe. Alifuta katiba mwishoni mwa 1851 akatawala peke yake. 1859 akapigwa na Wafaransa na Waitalia pale Solferino, akaipoteza Lombardy, jimbo la kaskazini mwa Italia, ndo akaanza kuruhusu bunge. (Solferino ndipo Henry Dunant alipoona majeruhi walivyoachwa uwanjani, na fikra za Msalaba Mwekundu zikaanzia pale.) 1866 Prussia, ufalme wa Kijerumani wa kaskazini, ikamchapa Königgrätz kwa siku moja, tarehe 3 Julai, akaondolewa kwenye mambo ya Ujerumani na kuipoteza Venice, ndo akakubali kuongea na Wahungaria. Mwaka uliofuata yakaja makubaliano ya 1867, wanasiasa Deák na Andrássy kwa upande wa Hungaria, himaya ikawa na pande mbili, kila upande bunge lake na mawaziri wake, mtawala mmoja, kaisari Vienna na mfalme Budapest. Vya pamoja vilibaki mambo ya nje, jeshi, na fedha za hivyo viwili. Na mikataba ya kiuchumi inajadiliwa upya kila miaka 10, kwa hiyo kila miaka 10 ugomvi mpya wa nani alipe ngapi. Hata kamati za mabunge mawili za kusimamia mambo ya pamoja, wajumbe 60 kila upande, hazikukaa chumba kimoja kujadili, zilikuwa zinaandikiana barua.

Makubaliano yale yaliokoa himaya, nakubali. Ila yaliwapatanisha wawili na kuwaacha wengine wote nje mlangoni. Wacheki wakasema na sisi tuna ufalme wetu wa kale, Bohemia, tupe kama ulivyowapa Wahungaria. Na Septemba 1871 Franz Joseph akaandika kwamba anazitambua haki za ufalme wa Bohemia na yuko tayari kuvikwa taji Prague! Wajerumani wa Austria wakaja juu, Wahungaria kupitia Andrássy wakaja juu, ndani ya wiki chache akarudi nyuma. Hakuvikwa taji Prague mpaka anakufa, na alibaki na miaka 45 ya kulifikiria tena. Kama kuna siku moja ningeomba aamue tofauti ni ile, maana nyumba ya nguzo tatu ingewapa Waslavi sababu ya kuipenda, na Wacheki wale walikuwa bado wanaomba kubaki ndani, sio kutoka.

Baada ya hapo kila serikali ikawa inaziba viraka. 1897 waziri mkuu Badeni akatoa amri kwamba watumishi wa serikali Bohemia na Moravia wajue lugha zote mbili, Kicheki na Kijerumani. Kitu cha haki kabisa, sivyo? Wacheki wasomi walikuwa tayari wanajua Kijerumani, Wajerumani wengi hawakujua Kicheki na hawakutaka, bungeni wakawa wanapigiana kelele na kurushiana vitu, Vienna na Graz maandamano, kaisari akamfukuza Badeni mwezi Novemba na amri zikaja kufutwa. Yaani aliyepiga kelele zaidi alishinda, na kila mtu akajifunza somo hilo. Upande wa Hungaria ndo hali mbaya zaidi, kura walikuwa nayo kama watu 6 tu katika kila 100, na Waslovakia na Waromania walibanwa shuleni wageuke Wahungaria. Mfalme wao aliliona hilo, akaliacha, maana aliogopa kugusa makubaliano ya 1867.

Lakini pamoja na yote hayo, mpaka 1914 karibu hakuna chama kikubwa kilichokuwa kinadai himaya ivunjwe. Walidai wapewe zaidi ndani yake. Kilichoigeuza hali ni vita. Kufika mwisho wa 1914 jeshi lilikuwa limepoteza zaidi ya watu milioni 1, ukihesabu waliokufa, majeruhi, wagonjwa na mateka, wengi kule Galicia, jimbo la mashariki la himaya, dhidi ya Warusi. Na waliokufa mwanzoni kabisa ni walewale maafisa wa lugha nne, wakaletwa wa akiba ambao askari wao hawakuwaelewa. Nyuma nako, 1915 Vienna mkate ni kwa kadi, foleni za akina mama tangu usiku, Hungaria yenye nafaka inabania, na bunge la Austria lilikuwa limefungwa tangu Machi 1914 hata kulalamika hakuna pa kulalamikia. Oktoba 1916 waziri mkuu Stürgkh akapigwa risasi akiwa anakula chakula cha mchana hotelini, na aliyempiga, Friedrich Adler, ni msomi na mtoto wa kiongozi wa wasoshalisti. Mtu wa namna hiyo akishika bastola ujue milango mingine yote imefungwa.

Kwa hiyo jibu langu, iliuawa na vita, lakini iliingia vitani ikiwa imeegemea wawili tu, na hilo ni la mzee.

*Ila vita yenyewe si alisukumwa? Nimesikia mzee wa miaka 83 aliwekewa karatasi akasaini tu, hakujua. — Msomaji*

Hapana ndugu yangu, hili nalikataa kwa nguvu zote. Tarehe 28 Juni 1914 Gavrilo Princip alimuua mrithi Franz Ferdinand na mkewe Sophie mjini Sarajevo. Kaisari hakuwa anaelewana na huyu mrithi, mtoto wa mdogo wake, hasa kwa sababu ya ile ndoa, Sophie Chotek alionekana hana hadhi na Franz Ferdinand alilazimishwa kuapa kwamba watoto wake hawatarithi kiti, aliapa tarehe 28 Juni 1900, miaka 14 kamili kabla ya siku ya kufa kwake. Kwa hiyo ile vita haikutokana na uchungu wa kufiwa.

Mwanzoni mwa Julai mzee aliandika barua kwa Wilhelm II wa Ujerumani, Wilhelm akajibu yuko nyuma yake vyovyote itakavyokuwa. Waziri mkuu wa Hungaria, Tisza, alipinga mpaka katikati ya mwezi, kwa hiyo sauti ya kupinga ilikuwepo na ilimfikia. Tarehe 21 Julai waziri wa mambo ya nje Berchtold akasafiri hadi Ischl na masharti ya kupewa Serbia, pointi 10, saa 48, makali kiasi kwamba nchi huru ingeshindwa kuyameza yote, mzee akayapitisha. Tarehe 28 Julai akasaini vita mezani kwake kwenye nyumba yake ya mapumziko Ischl, mji uleule alipokutana na Sisi, na tangazo likaenda Serbia kwa telegramu.

Ni kweli kuna jambo la kumtetea. Rasimu aliyopelekewa ilitaja kwamba Waserbia wameshashambulia pale Temes-Kubin, mpakani, habari ambayo haikuthibitika, na baada ya sahihi kupatikana Berchtold akaufuta mstari huo. Hilo ni baya. Lakini mzee alikuwa na uzoefu wa vita kuliko mtu yeyote ofisini mle, alishawahi kusimama Solferino akaona maiti, alimkatalia mkuu wa majeshi Conrad vita hiyohiyo ya Serbia miaka ya nyuma tena na tena, na tangazo lililotolewa kwa jina lake kwa watu wake linasema kwamba amechunguza na kupima kila kitu. Tumwamini basi, alipima, akakosea, na mamilioni walilipa.

*Asalaam alaykum mwalimu. Ni kweli Uislamu ulitambuliwa kisheria Austria wakati wa huyu kaisari? — Msomaji Mwislamu*

Wa alaykum salaam. Ni kweli kabisa. Bosnia na Herzegovina ilikuwa chini ya Austria-Hungaria tangu 1878, na 1908 wakaichukua moja kwa moja, jambo lililowakasirisha sana Waserbia na Warusi. Kwa hiyo kaisari Mkatoliki akawa na raia Waislamu mamia ya maelfu, na 1912 ikapitishwa sheria ya kuutambua Uislamu wa madhehebu ya Hanafi. Jeshini vikosi vya Bosnia vilikuwa na maimamu wao na walivaa tarabushi, wote, hata askari Wakristo wa vikosi hivyo. Sheria ile ilibaki Austria mpaka 2015 ilipoletwa nyingine.

*Alikufaje, na baada yake nani alishika? — Wengi*

Alikufa kazini. Novemba 1916 alikuwa na homa ya mapafu, madaktari wanamwambia apumzike, tarehe 21 akaamka mapema akakaa kwenye mafaili Schönbrunn mchana kutwa. Jioni hakujiweza, wakamlaza kwenye kile kitanda cha chuma, akamwambia mtumishi wake Ketterl amwamshe saa tisa na nusu usiku maana kazi hajaimaliza. Baada ya saa tatu usiku huo akakata roho, miaka 86. Alizikwa kwenye kaburi la chini la kanisa la Wakapuchini Vienna, jeneza lake limeinuliwa katikati, upande mmoja Elisabeth, upande mwingine Rudolf.

Kiti akapewa Karl, mjukuu wa mdogo wake, miaka 29, mtu mwenye nia njema aliyejaribu kwa siri kutafuta amani 1917 na siri ikavuja. Oktoba 1918 akatangaza upande wa Austria uwe shirikisho la mataifa, yaani kile ambacho kingetosha miaka 40 nyuma, hakuna aliyekuwa anasikiliza tena. Tarehe 28 Oktoba Wacheki na Waslovakia wakatangaza nchi yao, kesho yake Waslavi wa kusini, Hungaria ikajitoa, Novemba 3 jeshi likaweka silaha chini, Novemba 11 Karl akaachia mambo ya serikali na kesho yake Austria ikawa jamhuri. Alijaribu kurudi Hungaria mara mbili 1921 akashindwa, akapelekwa kisiwa cha Madeira cha Ureno, akafa kwa homa ya mapafu Aprili 1922 akiwa na miaka 34, mkewe Zita ana mimba ya mtoto wa nane.

Ukitafuta picha za mazishi ya Franz Joseph, 30 Novemba 1916, utawaona Karl na Zita aliyejifunika shela jeusi zito mpaka chini, na katikati yao mtoto wa miaka minne amevaa nyeupe, ameshikwa mkono. Huyo ni Otto, mtoto wao mkubwa. Alikulia uhamishoni, aliwapinga wafuasi wa Hitler, 1961 akasaini karatasi ya kuachana na madai ya kiti ndo baadaye akaruhusiwa kuingia Austria, akawa mbunge wa Bunge la Ulaya miaka 20. Alikufa Julai 2011. Mwili wake uko Vienna kwa Wakapuchini, na moyo wake, kama alivyoomba, ulipelekwa Hungaria ukazikwa kwenye monasteri ya Pannonhalma.